Jenereta Isimnyime Jirani Usingizi

Umeme wa Burundi hutegemea sana maji. Bwawa la Rwegura, lililoanza kutoa umeme mwaka 1986 likiwa na uwezo wa megawati 18, hulishwa na mvua za nyanda za juu za kaskazini. Kiangazi kinapokolea, kati ya Juni na Septemba, maji hupungua na umeme nao hupungua. Ndipo jijini Bujumbura taa huzimika mtaa baada ya mtaa, na mwenye uwezo huwasha jenereta. Muuza duka huokoa maziwa yake, na fundi cherehani humaliza kazi ya watu. Lakini katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako nyumba zimesongamana na ua hupakana na ua, nuru ya mmoja huwa kero ya kumi. Ng'ambo ya ukuta yupo mgonjwa, yupo mtoto mchanga, yupo mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba sauti ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na darasani isizidi 35. Jenereta ndogo ya petroli, mtu akiwa mita 7 kutoka ilipo, aghalabu hufikia desibeli 65 au zaidi. Na kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huona kana kwamba sauti imezidi maradufu. Hivyo jirani anayelalamika hana makuu.

Mlio huo hutoka mahali patatu: katika bomba la moshi, katika mwili wa injini pamoja na feni yake, na katika mtetemo unaoshuka miguuni mwa mashine hadi sakafuni. Kila kimoja kina dawa yake.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni umbali. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Mdomo wa bomba la moshi uelekezwe barabarani au penye uwanja mtupu, usielekezwe kwenye dirisha la mtu.

Ya pili ni kuzuia mtetemo. Mashine isiwekwe juu ya saruji iliyoungana na ukuta wa nyumba. Miguu yake ikalie vipande vinene vya tairi kuukuu, mbali na bomba lenye moto, na skrubu zote zikazwe, kwa kuwa bati lililolegea hupiga kelele kama ngoma.

Ya tatu ni ukuta. Matofali yajengwe pande tatu, yapite kimo cha mashine kwa nusu mita au zaidi, yakiacha nafasi ya mita moja kuizunguka ili hewa ipite. Upande wa nne ubaki wazi, nao utazame pasipo na watu, kwani sauti hurudishwa na matofali na kutokea huko. Ukuta usiwe na nyufa. Sauti hupenya kwenye ufa kama maji katika mtungi uliopasuka. Kuifunika mashine kwa godoro la sponji ni kosa kubwa: sponji hushika moto upesi, na moshi wake ni sumu.

Ya nne ni ekzosi. Mafundi magari wa Buyenzi huweza kuunganisha ekzosi kubwa zaidi. Kipenyo cha bomba jipya kisiwe chembamba kuliko cha awali, maana moshi ukibanwa injini hupata joto na hula mafuta zaidi. Uzito wake ubebwe na nguzo yake, usining'inie kwenye injini. Wako wanaozamisha mdomo wa bomba katika ndoo ya maji. Hao hubana moshi, na injini inapozimwa maji huweza kuvutwa ndani na kuiharibu. Kadhalika wako wanaopunguza mwendo wa injini. Jenereta nyingi ndogo hazina budi kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme ulio sawa. Mwendo ukipunguzwa umeme hupotoka, na friji huweza kuungua.

Lipo jambo lililo zito kuliko mlio. Wengine, kwa kuona haya mbele ya jirani au kwa kuogopa wezi, huiingiza jenereta jikoni, ukumbini au stoo na kufunga mlango. Kelele hupungua kweli, lakini moshi wa injini una hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kufungua dirisha hakutoshi. Mashine ikae nje daima, si chini ya mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, la mwenyewe na la jirani. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu wakati jenereta inafanya kazi, atolewe nje upesi apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali.

Ua usio na nafasi hiyo haufai jenereta, hata mwenyewe awe na fedha kiasi gani. Familia inayohitaji taa tatu na kuchaji simu yatosheka na betri na kipande cha sola, visivyo na mlio wala moshi, wala havipangi foleni ya petroli. Na mwenye nafasi ya kutosha naye asiikeshe mashine: aiwashe jioni, friji ipoe na betri zijae, kisha aizime saa aliyopatana na majirani, halafu atumie taa za betri hadi asubuhi. Mapatano hayo yafanywe kabla ya kiangazi kuanza, watu wangali wanasalimiana.