Mazungumzo ya kiinitete yasikike kwa Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, methali na hadithi, na kwamba atakaye kuzungumzia jeni na seli hana budi kuhamia Kiingereza. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanabiolojia. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba hapana sura ya biolojia iliyo karibu na taaluma yangu kuliko ile inayoeleza siku za mwanzo za kiinitete cha mamalia. Sura hiyo, kwa hakika, ni habari ya mawasiliano.

Natutazame eneo moja tu: Garsen na nchi iliyo kandokando ya Mto Tana. Hapo pana ng'ombe wa Waorma. Pana mangabi wa Tana, kima ambaye makao yake ni misitu ya kingo za mto huo na hapatikani kwingineko duniani. Na pana binadamu. Wote watatu huanza maisha wakiwa seli moja. Wote watatu hukabiliwa na tatizo moja: mama hajui bado kwamba ana mimba.

Kiinitete cha ng'ombe huelea ndani ya mji wa mimba zaidi ya wiki mbili kabla ya kushikamana nao. Karibu na siku ya 16, seli zake za nje hutoa protini iitwayo interferoni tau. Ujumbe wake ni mfupi: nipo. Mji wa mimba ukiupokea, huzuia kemikali ambayo ingaliikatiza mimba na kumrejesha ng'ombe kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Ujumbe ukichelewa au ukiwa hafifu, mimba hupotea bila mtu kujua. Mfugaji anayemtazama ng'ombe wake na kusema "huyu hakurudia, ameshika," anasoma matokeo ya mazungumzo hayo. Binadamu na mangabi hutumia ujumbe mwingine, yaani homoni inayosafiri katika damu hadi kwenye ovari. Homoni hiyo ndiyo itafutwayo katika mkojo mwanamke anapopimwa mimba.

Ndani ya kiinitete chenyewe, mazungumzo huwa yameanza mapema zaidi. Uchunguzi uliofanywa hasa kwa panya umeonyesha kwamba, kiinitete kikiwa na seli zisizozidi thelathini na kitu, kila seli hutambua kama iko nje au ndani ya fungu. Zilizo ndani huwasha mfululizo wa protini ambao wataalamu wameupa jina la kiboko, nao huzuia protini fulani isiingie katika kiini cha seli. Katika zilizo nje kizuizi hicho hulegea, protini huingia, na jeni za kuunda kondo la nyuma huamka. Seli hizi zote zina jeni zile zile. Zilichotofautiana ni habari zilizopokea.

Hapo ndipo mwanaisimu anapojikuta nyumbani. Neno "paa" laweza kuwa mnyama, sehemu ya nyumba, au tendo la kuruka juu. Muktadha ndio uamuao. Vivyo hivyo protini za kundi la BMP: katika kiinitete kichanga huziambia seli za tabaka la juu ziwe ngozi, na pale zinapozuiwa ndipo ubongo na neva huanza. Baadaye, mahali pengine, protini za kundi hilo hilo huamuru mfupa. Kweli, seli haina nia wala ulimi, na mlinganisho huu usivushwe mpaka. Lakini unamfunza mwanafunzi kuuliza maswali yafaayo: nani ametuma, nani amepokea, lini, na wapi?

Maswali hayo si ya mtihani pekee. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha uchunguzi wao wa jeni za nzi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis. Jeni moja waliipa jina la kalunguyeye, kwa kuwa mabuu waliokuwa na hitilafu yake walijaa vinyweleo kama miiba. Mamalia nao wana jeni za ukoo huo, na mojawapo husaidia kuugawa ubongo na uso pande mbili. Huko Idaho, Marekani, kondoo waliokula mmea fulani wa porini karibu na siku ya 14 ya mimba walizaa wana-kondoo wenye jicho moja. Iligunduliwa baadaye kwamba kemikali ya mmea huo huziba njia ya ishara ya kalunguyeye. Hapakuwa na laana. Palikuwa na ujumbe usiofika.

Katika binadamu pia, hitilafu ya jeni hiyo yaweza kusababisha mtoto azaliwe na kasoro ya ubongo na uso. Ni mama wangapi, huko Tana na kwingineko, wamenyoshewa kidole kwa jambo lililotukia katika wiki za mwanzo kabisa, pengine kabla wenyewe hawajajua kwamba ni wajawazito? Maelezo yanayobaki katika daftari la Kiingereza hayamwokoi mama huyo. Mwanafunzi hawezi kuyafikisha nyumbani kwa nyanya yake.

Wataalamu hawakuona haya kuziita jeni zao kiboko na kalunguyeye. Sisi twaogopa nini? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kipokomo, nacho, ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, na Kiorma kina hazina ya ufugaji ambayo haijachotwa ipasavyo.

Sidai mitihani ibadilishwe kesho. Ninalodai ni jepesi: mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili waketi meza moja, na kila mwanafunzi amalizapo sura ya kiinitete atakiwe kuieleza kwa lugha ambayo mamake ataielewa. Akishindwa, tusimpe alama za kuelewa; amekariri tu.