Kabla ya Kumlaumu Aliyekukataa



Kijana amejifunza kutengeneza tovuti kwa miezi mingi, mara umeme upo, mara haupo. Amepeleka kazi yake kwa wenye maduka, shuleni na kwenye mashirika, na jibu limekuwa hapana. Au kimya, ambacho ni hapana isiyo na adabu. Ndipo wafariji wanapomzunguka. Mmoja anasema, «Wanakuonea wivu.» Mwingine: «Kazi hizo ni za watoto wa wakubwa.» Wa tatu anashusha sauti na kutaja jirani aliyemfungia bahati. Sisi tunawapinga wafariji hao wote. Upendeleo upo, wala hatutausitiri. Lakini faraja inayomzuia mtu asiitazame tena kazi yake inamwibia faida pekee ambayo kukataliwa kungeweza kumwachia.

Tuitazame basi. Kazi nyingi za wanaoanza zilitengenezwa kwenye kompyuta na hazikufunguliwa kamwe kwenye simu. Simu ikikutana na ukurasa usioiambia itumie upana gani, huudhani ni wa kompyuta. Nyingi hukadiria pikseli 980 hivi, kisha huubana wote uingie katika kioo cha kiganjani, na herufi zikawa kama sisimizi. Dawa yake ni mstari mmoja kichwani mwa ukurasa, unaoiamuru simu ifuate upana wake yenyewe. Mengine aliyaeleza Mmarekani Ethan Marcotte katika makala ya mwaka 2010: safu zipimwe kwa asilimia, picha zisipite upana wa mahali zilipowekwa, na masharti ya CSS yabadilishe mpangilio kadiri kioo kinavyopungua au kuongezeka. Hayo yote kijana mwenye bidii huyajifunza.

Wako wanaosema kwamba huo ni urembo tu. Tunakataa. Huku Bukavu, Goma au Lubumbashi, mama anayetafuta tarehe ya kuandikisha mtoto shuleni hana kompyuta. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na mega chache alizonunua asubuhi. Picha zikizila mega hizo kabla ya tarehe kuonekana, yeye amekataliwa, tena bila barua. (Na ieleweke: kuibana picha kwa CSS hakupunguzi uzito wake, lazima picha yenyewe ipunguzwe kabla ya kuwekwa.) Kijana anayelia kwamba amefungiwa mlango amekwisha kumfungia mama huyo wa kwake.

Je, kukataliwa ni hukumu juu ya kipaji? Mwaka 1991 Tim Berners-Lee na mwenzake Mbelgiji Robert Cailliau walipeleka makala kuhusu Wavuti, uvumbuzi ule ule tunaoutumia leo, kwenye mkutano wa wataalamu mjini San Antonio, Marekani. Makala ilikataliwa, wakaruhusiwa tu kuonyesha mtambo wao ukifanya kazi. Walikwenda, wakauonyesha. Hatusemi kila aliyekataliwa ni Berners-Lee, kwani hiyo nayo ingekuwa faraja ya uongo. Tunasema waamuzi wale waliipima karatasi waliyopewa, na wenye karatasi wakaendelea na kazi.

Nao wanaokataa wana deni. Wako wenye kazi wanaomwagiza kijana atengeneze tovuti nzima «kwa majaribio», wanaichukua na kuitumia, kisha wanamwambia hakufaulu. Huo ni wizi, na tuuite kwa jina lake. Wako pia wasio wezi, ila hawajibu. Kuandika kwamba «orodha ya bei haisomeki kwenye simu» ni kazi ya dakika mbili, na kijana aliyepata sentensi hiyo anajua kesho aanzie wapi. Aliyenyimwa anarudi kwa yule mfariji wa tatu.

Kwa vikundi vyetu tuna ombi moja. Kabla kazi ya mwenzenu haijapelekwa popote, ifungueni pamoja kwenye simu ndogo na ya zamani kuliko zote zilizomo kikundini, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Aliyeitengeneza anyamaze. Mwenye simu ndiye atangulie kusema anachokiona.