Tuanzie kwenye klaviye, suri itangoja

Mwenye kuingia leo mu chumba chochote ambamo vijana wetu wanajifunza ordinateri ataona kitu kimoja: mukono wa kuume hauachane na suri. Kijana anaandika maneno matatu, anaacha, anashika suri, anatafuta ile alama inayomulika-mulika mu maandishi, yaani kirseri, anaipeleka pale anapotaka kusahihisha, anabonyeza, anarudi kwenye klaviye. Kisha anaanza tena. Hakuna mutu aliyemwambia kwamba kuko njia ingine. Sisi tunasema: kosa hilo si lake, ni letu sisi wakubwa.

Njia ingine iko, tena ya zamani. Mwaka 1976, Bill Joy, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, alitunga programu ya kuandikia inayoitwa vi. Mashine aliyotumia, ADM-3A, haikuwa na suri. Mishale ya kwenda kushoto, chini, juu na kuume ilichorwa juu ya tushi H, J, K na L. Herufi zile nne njo zikatumika kutembeza kirseri, na mpaka leo ziko vile. Mu 1991, Muholanzi Bram Moolenaar akatoa Vim, mutoto wa vi, na watunga programu wa inchi nyingi wakaipokea.

Lakini kwenda hatua kwa hatua kunachosha. Njo maana kukatungwa kaprogramu kadogo ka kuongeza juu ya Vim, kanaitwa EasyMotion. Kazi yake ni hii: unabonyeza tushi chache, na palepale kila neno lililo mbele ya kirseri linapata herufi juu ya mwanzo wake. Unatazama neno unalolitaka, unaona limewekwa K, unabonyeza K, kirseri imesharuka. Kama maneno ni mengi, herufi zinakuwa mbili. Hauhesabu mistari, haushike suri, na macho hayatoke pale kazi iko.

Kwetu Kongo faida yake inazidi. Klaviye zetu nyingi ni AZERTY, urizi wa Wabeleji na Wafaransa. Mu Vim, ukitaka kushuka mistari 12, unaandika 12 halafu J. Juu ya AZERTY, tarakimu zinaomba kwanza ushikilie Maj. Herufi haziombe kitu. Basi kuruka kwa herufi kunatufaa sisi kuliko kuhesabu.

Kweli, mwiba uko. Kwa desturi EasyMotion inaamshwa kwa kubonyeza alama \ mara mbili, na juu ya AZERTY alama ile inapatikana paka kwa kushikilia AltGr. Kijana anajaribu siku moja, vidole vinapindana, anaacha, anasema haya ni mambo ya wazungu. Apana! Mustari mumoja mu faili ya vimrc unatosha:

let mapleader = ","

Kuanzia pale ni virgule mbili tu, bila AltGr. Hata herufi za kurukia unaweza kuzichagua mwenyewe, uweke zile za Q, S, D, F ambapo vidole vinapumzika. Shida haikukuwa vidole vyetu. Tushi ilichaguliwa na watu wenye klaviye ingine.

Watu watatuuliza: juu ya nini kumusumbua mutoto, na suri iko bei rahisi? Tunakubali kwamba majuma ya kwanza ni magumu. Mutu anaandika polepole kuliko mbele. Lakini suri ikiharibika, kazi ya mwenye suri inasimama. Vim ni ya bure, na ordinateri ya zamani inaibeba vizuri. Na siku kijana wetu atapewa kazi ya kutunza mashine iliyo mbali, kupitia intaneti ya polepole, mara mingi atakuta mbele yake ekra ya maandishi matupu na vi. Pale suri haitamusaidia mingi.

Hatusemi kila sekretere ajifunze Vim. Hata mu programu ya kawaida ya kuandikia barua, Ctrl pamoja na mushale unarusha kirseri neno kwa neno. Wangapi wamefundishwa hata hilo?

Kuko jambo ingine linalotugusa. Bram Moolenaar, aliyekufa mwaka 2023, alifanya kazi mu 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, fasi iliyopigwa sana na sida. Aliwaomba wote waliopenda Vim wasaidie watoto wale, na ombi lile linaonekana ukifungua programu bila faili. Vim inatembea dunia nzima na jina la jirani yetu juu yake, na sisi hapa karibu hatuifundishe watoto wetu.

Tunachoomba kwa walimu ni kidogo: saa moja kila juma, suri zote zifungiwe mu kabati. Wanafunzi watalalamika. Muwaache walalamike, muendelee. Kisha miezi tatu, muwape maandishi yenye makosa makumi mbili, muhesabu dakika, halafu muwaulize wenyewe kama wanataka suri irudi.