UZI: TOPE LENU LA RAHA NDIYO NJIA YETU YA RUFAA

1/
Wadau, leo nina neno na watu wa Land Cruiser zenye mahema juu ya paa. Nyie mnaotoka Dar Ijumaa usiku, Jumamosi mnapita Bigwa, Mkuyuni, Matombo, Mvuha, mpaka Kisaki kwenye maji moto. Wengine mnachepuka kwanza huku kwetu Kinole, mnalala usiku mmoja mlimani mpate picha ya ukungu. Karibuni sana. Ndizi zipo, mdalasini upo, pilipili manga ipo. Safari yenu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni yale maneno mnayoyaandika mkisharudi.

2/
"Barabara mbovu balaa, ndiyo raha yenyewe!" Halafu video ya gari limezama hadi mlangoni, watu wanashangilia, winchi inavuta, muziki juu.
Mimi ni muuguzi. Hayo maneno hayanipiti kooni.

3/
Ngoja nikwambie kwa nini. Mama aliyejifungua akaanza kutokwa na damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa 2 hivi. Sio siku 2. Kijijini tunamchoma sindano ya oksitosini, tunamkanda tumbo, tunamwekea dripu. Damu ikigoma kukata, anahitaji kuongezewa damu au kuingia chumba cha upasuaji. Hapo ndipo rufaa inaanza, na rufaa inapita kwenye hilo hilo korongo mlilolipigia makofi.

4/
Sisi watu wa afya ya uzazi tunafundishwa kwamba mama anauawa na kuchelewa kwa aina 3: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kule kwa kwanza tunapambana nako kwa elimu. Kwa tatu ni kwetu, tubaneni, mna haki. Kwa pili ni barabara. Kwa hiyo ukinipostia tope kama burudani, mimi naona saa inakimbia.

5/
Kuna mfumo unaitwa m-mama. Unapiga 115, bure, kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga mwenye dharura. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa jamii, raia wa kawaida aliyesajiliwa na gari lake la kawaida. Huyo dereva hana winchi. Hana matairi ya milioni kadhaa. Anakuja usiku, mvua inanyesha, na anapita pale pale mlipopita nyie mchana na magari 6 mkicheza.

6/
Najua utasema, "Nesi, hatukuiharibu sisi hiyo barabara." Sawa, hamkuanza nyie. Mvua ya Uluguru haina mchezo, na mteremko ni mteremko. Lakini barabara ya udongo iliyolowa ukiipitisha gari zito linalosaga matairi, unaacha mitaro miwili. Mvua ya usiku haitafuti njia nyingine, inafuata mitaro hiyo hiyo na kuichimba. Asubuhi bodaboda iliyompakia mama mwenye uchungu inatembea kwenye ukingo mwembamba katikati, huku anamshikilia dereva na tumbo. Nyie wakati huo mko Kisaki mnachemsha mayai kwenye chemchemi.

7/
Mwingine atasema, "Tunawaletea hela." Wapo wanaoleta, nawashukuru, wananunua ndizi na kumlipa kijana wa kuwaongoza. Lakini wengi mnakuja na nyama ya Dar, maji ya Dar, mkaa wa Dar. Mnachoacha ni makopo na mitaro. Hiyo sio biashara, ndugu yangu.

8/
Sasa tuje kwenye maji moto yenyewe, maana barabara hii haina ubaguzi. Maji ya nyuzi joto 60 yanaweza kumwachia mtu mzima jeraha la kina kwa sekunde 5 tu. Chemchemi haina kibao. Pembeni unaweza kuosha miguu vizuri tu, hatua chache karibu na jicho la chemchemi ngozi inavuka. Ukingo ni matope laini, mmoja amelewa, anateleza.
Siku hiyo barabara itabadilika jina. Haitakuwa raha. Kutoka Kisaki kurudi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kila shimo mtalisikia kwa sauti ya mwenzenu nyuma.

9/
Kwa kuwa mtaenda tu, basi shikeni haya:
– Aliyeungua: maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Vua pete na saa mapema. Usipake dawa ya meno, unga, asali wala mafuta. Barafu pia hapana.
– Aliyeumwa na nyoka: usichanje, usinyonye, usikaze kamba, achana na jiwe la nyoka. Mtulize, kiungo kisitikisike, hospitali haraka.
– Homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi: pima malaria, na mwambie daktari ulilala wapi. Chandarua ni chepesi kuliko spika mnayobeba.

10/
Na haya ndiyo ninayodai:
Masika, Machi mpaka Mei, acheni kuchezea barabara za vijiji. Kama lazima mpite, piteni taratibu na mwendelee na safari.
Mkikutana na pikipiki au machela imebeba mgonjwa, simamisheni msafara wote. Mkiweza, mpakieni.
Mkikwama na kuchimba, fukieni kabla ya kuondoka. Majembe mnayo, nimeyaona yamefungwa mlangoni.
Na zile droni zenu ziwe na faida. Piga picha korongo, andika kijiji na tarehe, peleka TARURA kama ni barabara ya wilaya, TANROADS kama ni ya mkoa, na mtumie diwani na mbunge nakala. Sisi tukiandika, tunaambiwa tuvute subira. Nyie mna wafuasi maelfu, mkilalamika mnasikika.

11/
Mkifika Kinole piteni kituoni tusalimiane. Lakini msiniambie tena kwamba tope letu ni tamu. Wanaolipita bila kupenda hawajawahi kulisifia.

Mtumie huu uzi yule rafiki yako wa winchi. Kabla ya Ijumaa.