Kabla ya Kufunga Masanduku

Msomaji wetu mmoja ametuandikia kwamba yeye na baba watoto wanajiandaa kwenda Ujerumani mwezi Juni, kwa binti yao aliyejifungua, nao watakaa huko majira yote ya kiangazi. Barua yake ina kurasa mbili za vitenge, unga wa ulezi, samli na zawadi za wakwe. Mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, anasema kwamba mzee ana presha na yeye mwenyewe ana “sukari kidogo”; je, kuna la kuangalia?

Lipo, mama, na masanduku yangeanza na mstari huo. Sisi wauguzi tumezoea kuisikia hiyo “sukari kidogo”. Aliyeandikiwa vidonge vya sukari ana kisukari, na akikaa miezi mitatu ugenini kisukari chake kinakaa naye.

Katika nyumba nyingi za Kikristo mke ndiye mtunza dawa. Humpelekea mume kidonge na maji, naye humeza bila kuuliza jina. Ni upendo mwema, lakini ukizidiwa wewe usiku kule Hamburg, mume atamweleza daktari nini? Atasema unameza kidonge cheupe. Na wako akina mama wanaomficha mume hali zao, wasije wakaiharibu safari iliyongojewa miaka. Kwa hiyo kaeni jioni moja, kila mmoja aandike magonjwa na dawa za mwenzake bila kuulizana, kisha mlinganishe karatasi. Akila na Prisila walihama pamoja kutoka Rumi hadi Korintho, na tena hadi Efeso. Nadhani kila mmoja alijua kinachomsumbua mwenzake.

Baada ya hapo nendeni kliniki mapema, angalau wiki sita kabla ya safari. Mwombeni daktari dawa za siku zote mtakazokuwa huko, na za wiki mbili zaidi, maana kliniki zetu nyingi hutoa za mwezi mmoja tu. Ujerumani hutanunua dawa ya presha dukani bila cheti cha daktari. Ombeni pia barua yenye majina ya dawa zenyewe na vipimo vyake, kwa kuwa jina la kibiashara lililoandikwa kwenye boksi la hapa huenda lisijulikane kule. Dawa zikae kwenye maboksi yake, ndani ya mkoba mtakaoingia nao kwenye ndege. Sanduku kubwa laweza kupotea, na insulini ikiwekwa chini kwenye mizigo yaweza kuganda kwa baridi na kuharibika.

Mtaombwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, kwa kuwa ni sharti la viza ya nchi za Schengen. Viza hiyo nayo hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, basi hesabuni vizuri kabla ya kukata tiketi. Mkiulizwa kwenye fomu ya bima kuhusu magonjwa mliyo nayo, semeni kweli. Ugonjwa uliofichwa waweza kuwa sababu ya bima kukataa kulipa, na mzigo huo utamwangukia binti yenu aliye na mtoto mchanga.

Kukaa kwenye ndege zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye mwili mzito, au mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Inukeni mtembee, chezesheni vifundo vya miguu, mnywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kufika, au pumzi ikikata, ni hospitali mara moja.

Kiangazi cha huko si baridi mnayoifikiria. Joto hupita nyuzi 30, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Mzee anayemeza dawa ya presha ya kukojosha aweza kupata kizunguzungu kwa kukauka maji; asiiache kwa akili yake, aulize kwanza. Tena Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na aliyezoea kumeza dawa “magharibi” atachelewa sana. Fuateni saa. Majira ya kiangazi Ujerumani iko nyuma yetu saa moja tu.

Homa ikimshika mmoja wenu huko, hata baada ya wiki kadhaa, msikubali kuambiwa ni mafua kabla ya kupimwa malaria. Daktari wa kule huenda asiiwaze; mwambieni mnatoka Tanzania.

Kitinda mimba anayebaki kwa shangazi naye asisahauliwe kwenye maandalizi. Mwachie shangazi kadi ya bima ya mtoto, jina la dawa inayomdhuru kama ipo, na barua iliyotiwa sahihi na ninyi wawili inayomruhusu kumpeleka hospitali na kukubali matibabu. Mtoto hachagui siku ya kuugua, na simu ya Ulaya haipokelewi kila inapolia.

Unga wa ulezi, ukifungwa vizuri, sioni shida. Samli na nyama ya kukausha viache nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri atokaye kwetu kuingia na nyama wala vyakula vya maziwa, hata vikiwa vya mzazi aliyetoka kujifungua, na maofisa wa uwanjani watavichukua.