Ufupisho wa IELTS hautaki maneno yako

Kama uko Eldoret na unapanga kwenda ng'ambo, IELTS unaijua. Ada yake pia unaijua, na si pesa ya kuchezea, hasa hapa Uasin Gishu ambako wazazi bado wanalilia pesa za ule mpango wa masomo ya Ufini na Kanada. Kwa hivyo sikiza, tusichome doo kwa kosa dogo.

Kosa lenyewe liko kwenye ufupisho wenye mapengo, ule wa sehemu ya kusoma. Wengi wetu tunaujaza vile tulizoea KCSE. Kule, kwenye Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza, ukipata neno linaloingia vizuri kwenye pengo, umepata alama. IELTS haitaki neno la kichwani mwako. Usipopewa orodha ya kuchagua, inataka neno lililo kwenye kifungu, jinsi lilivyo.

Tuseme kifungu kinasema "weevils" waliharibu nusu ya mahindi ghalani. Ufupisho unasema asilimia 50 ya mavuno ilipotea kwa sababu ya nani? Ukiandika "insects", Kiingereza chako kiko sawa kabisa, lakini alama ni sufuri. Ukikosea herufi moja, sufuri. Umeambiwa maneno yasizidi mawili ukaandika matatu? Sufuri pia.

Basi fanya hivi. Soma maagizo, kisha ufupisho wote kabla ya kurudi kwenye kifungu. Jiulize pengo linataka jina, kitenzi au nambari. Tafuta sehemu inayozungumzia jambo hilo. Mara nyingi majibu yote yamekaa sehemu moja. Hapo ndipo msamiati unakusaidia, ujue kwamba "nusu" na "asilimia 50" ni kitu kimoja. Ukishapata neno, nakili. Usilirembe.

Una maswali 40 na dakika 60, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali. Pengo likikushinda, kisia usonge mbele, kwa sababu jibu baya halikatwi alama.

Na kabla hujamlipa mtu anayekuuzia "siri" za IELTS, fungua tovuti yao rasmi. Kuna mazoezi ya bure. Fanya moja leo jioni, na saa mkononi, uone ni mapengo mangapi umejaza kwa maneno yako mwenyewe.