Timu Ndogo za Vijana Zipewe Mechi Ngumu

Swali la iwapo timu ya watoto wa kijijini ipangiwe mechi na timu iliyoizidi nguvu hujibiwa mara nyingi kwa huruma, kwa kuwa waandaaji huona ni afadhali wanyonge wacheze wao kwa wao mpaka watakapokomaa, na huruma hiyo, ijapokuwa ina nia njema, ndiyo inayowachelewesha kukomaa. Safu hii inashikilia kwamba timu ndogo hukua kwa kukutana na timu kubwa mara kwa mara, na kwamba kriketi ya vijana wa ukanda wetu imekwisha kutoa ushahidi wa jambo hilo.

Ushahidi huo umetoka Rwanda, nchi ambayo kriketi yake ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliorejea kutoka uhamishoni Uganda, Kenya na Tanzania baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na ambayo uwanja wake wa kisasa wa Gahanga, pembezoni mwa Kigali, ulifunguliwa mwaka 2017 tu. Januari 2023, wasichana wa Rwanda walikwenda Afrika Kusini kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wenye umri wa chini ya miaka 19, ambalo lilichezwa kwa mtindo wa ova 20, ova moja ikiwa ni mfululizo wa mipira sita inayorushwa na mchezaji mmoja. Walipangwa kundi moja na England, Pakistan na Zimbabwe. Mechi ya kwanza walifungwa na Pakistan kwa wiketi 8, maana yake wapinzani wao walifikia mikimbio iliyohitajika huku wapigaji wawili tu kati ya kumi wanaoweza kutolewa wakiwa wametolewa. Mechi ya pili waliishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39, ushindi uliokamilishwa na Henriette Ishimwe kwa kuwatoa wapigaji wanne katika mipira minne iliyofuatana, jambo ambalo warushaji wengi wa kulipwa humaliza maisha yao ya mchezo bila kulifanya hata mara moja.

Kisha ikaja England, na Rwanda ikashindwa kwa mikimbio 138. Yeyote aliyeitazama mechi hiyo peke yake angeweza kuamua kwamba wasichana hao hawakustahili kuwapo, na kwamba kuwapanga dhidi ya taifa lenye kriketi ya karne nyingi ni kuwadhalilisha. Lakini siku chache tu baadaye, Januari 22, wasichana hao hao waliwatoa wapigaji wote wa West Indies kwa mikimbio 70, wakaifikia na kuipita idadi hiyo wakiwa na wiketi 4 mkononi, nahodha wao Gisele Ishimwe akiwa amebaki uwanjani na mikimbio 31 bila kutolewa. Aibu ambayo wenye huruma wangependa kuwaepushia vijana na furaha ambayo kila mtu angependa kuwapa zilipatikana katika mashindano yaleyale.

Uhusiano wa mambo hayo mawili unaeleweka mtu akitazama kazi ya mpigaji. Mpira wa mrushaji hodari humfikia mpigaji kwa muda usiofika sekunde moja, na katika muda huo anapaswa kukadiria mpira utadunda wapi, utapinda vipi na gongo liuelekee kwa njia gani, ujuzi ambao hauelezeki ubaoni wala haupatikani kwa kupigiwa mipira ya polepole na wenzake wa darasani. Mtoto aliyezoea mkeka uliotandazwa juu ya saruji, ambako mpira hudunda kwa namna ileile kila siku, huduwaa anapokutana kwa mara ya kwanza na udongo uliokandamizwa, ambao huubadilisha mpira kadiri siku inavyokwenda. Dawa ya mduwao huo ni kukutana nao mapema, angali mdogo, kabla kushindwa hakujawa habari ya magazeti.

Kenya imekwisha kuonja gharama ya kukosa mechi za namna hiyo. Timu yake ya wanaume iliifunga West Indies mjini Pune mwaka 1996 kwa mikimbio 73 na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, lakini baada ya hapo mataifa makubwa hayakuongeza mechi dhidi yake kwa kiasi ambacho mafanikio hayo yalistahili, matatizo ya uongozi wa ndani yakazidisha ugumu, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Rwanda nayo haikuwamo katika Kombe la Dunia la wasichana la mwaka 2025 nchini Malaysia, ambako Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini na Nigeria pekee. Nigeria hiyo, ikicheza mashindano hayo kwa mara ya kwanza, iliifunga New Zealand kwa mikimbio 2, na nafasi kama hiyo ndiyo Rwanda iliyoikosa.

Ni kweli kwamba mtoto wa miaka kumi anayetolewa kwa mpira wa kwanza kila Jumamosi anaweza kuuchukia mchezo, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Hata hivyo, klabu za vijijini Uingereza zina suluhisho la siku nyingi: watoto wadogo hupiga wawili wawili kwa idadi maalumu ya ova, anayetolewa hukatwa mikimbio badala ya kuondoka uwanjani, na katika umri unaofuata mpigaji hodari akifikia kiwango kilichowekwa hupumzishwa ili wengine nao wapige. Kwa kanuni hizo timu dhaifu hucheza mechi nzima na timu yenye nguvu bila watoto wake kukaa pembeni wakilia.

Vyama vya kriketi vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda viandike kanuni hizo katika ratiba zao za vijana, na klabu za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali zitakiwe kupeleka timu zao bora za watoto kucheza na shule za mikoani kila msimu, zikiwafuata wanafunzi huko huko shuleni badala ya kusubiri wenyeji watafute nauli ya kwenda mjini.